Viti vya Sakafu Iliyozama

9 Januari

Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Sisi wazima, ila mafua ya mtoto mdogo hayataki kuhama. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na kwamba kufua mashuka ya hospitali hakujakumaliza mgongo.

Tumehamia nyumba mpya. Ni kubwa, ina vigae kila chumba, na ukikohoa sebuleni unajisikia jikoni. Wifi yako hataki samani za kiwandani, anasema zimefanana kama sare za shule. Anataka viti vya kale, vile vya pembeni visivyo na mikono, vya kupanga ukutani na kusogeza mezani wageni wakija. Basi kila Jumamosi tunazunguka kwa wauza vya kale.

Sikujua kiti kina siri nyingi hivi. Muuzaji mmoja tumempa jina la Bwana Tochi, maana haamini kiti mpaka akipindue na kukimulika tumboni. Anasema mgongo wa kiti hudanganya, tumbo halidanganyi. Kiti cha zamani kweli utaona chini yake nyayo za randa ya mkono, si mistari ya mashine. Viungo vimeshikwa kwa vijiti vya mbao, na vijiti vyenyewe si mviringo tena kwa sababu mbao hunywea upande mmoja. Ule mti unaounganisha miguu ya mbele uwe umelika katikati, pale visigino vya watu vilipopumzika. Ukiona umelika sawasawa kote, kuna mtu kaupitishia msasa wiki iliyopita. Tumeshaona hata viti vilivyopigwa minyororo na kuoshwa kwa majani ya chai ili vizeeke haraka. Nimepiga magoti madukani mpaka suruali imetoboka, na wifi yako ananicheka: mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Jumamosi iliyopita Bwana Tochi alinitolea viti viwili vyenye kalio la henzirani, ile mianzi myembamba inayosukwa kama mkeka, na egemeo la fito tatu zilizopinda kidogo. Nilipokipindua kimoja nilikitambua. Ni ndugu wa viti alivyotuachia Babu. Tena vya Babu ni bora. Nikamwambia kwetu viko sita. Akazima tochi. Akasema, "Seti nzima, bwana? Sasa kwangu unatafuta nini?"

Kwa hiyo, Dada, ombi langu ni hilo. Hapo nyumbani mko wawili tu, viti sita vinakaliwa na nani? Nitakuja mwenyewe na lori, na siku hiyo hiyo nimchukue Baba. Hospitali ya macho iko karibu na hapa, nimeshaulizia, mtoto wa jicho hutolewa asubuhi na mchana mtu anakula. Kuna chumba cha chini, hakina ngazi. Akae nasi mpaka aone, na akipenda akae moja kwa moja.

Msalimie sana Baba.

Mdogo wako


21 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, imetukuta wazima kwa kadiri yetu. Mgongo wangu upo. Mashuka hayaishi kwa sababu wagonjwa hawaishi. Baba mwili haujambo, macho ndiyo yanazidi. Mwaka jana alikuwa akiona mtu mlangoni. Sasa anaona mlango tu, tena jua likiwa kali.

Nilimsomea barua yako yote, mara mbili. Unajua hapendi simu. Anasema simu ikikatwa huna cha kushika. Barua akishasomewa anaiweka chini ya mto.

Umeuliza viti vinakaliwa na nani. Havikaliwi sana, vinashikwa. Tangu macho yafifie Baba anatembea kwa viti. Akitoka chumbani mkono wa kushoto unakuta egemeo la kiti cha kwanza, anapiga hatua, anakuta cha pili, hivyo hivyo mpaka jikoni, na vinavyobaki vinamfikisha mlango wa nje kwenye jua lake. Mimi nikiwa kazini hana fimbo wala mtu, na hajawahi kujikwaa. Viti vile ni mti mzito, na vimekaa sakafuni kama jino kwenye ufizi.

Hapo nikukumbushe, maana ukiishi kwenye vigae unaweza kusahau. Sakafu yetu ilizama upande wa dirisha ile miaka ya mvua kubwa, na karibu na jikoni ikavimba. Fundi mwingine angevunja sakafu. Baba hakuwa na uwezo wa kuvunja sakafu, akakata viti. Kila kiti alikipunguza miguu kwa kipimo cha pahali pake, na chini ya kalio akachonga alama: chale moja kiti cha mlango wa chumbani, mbili kinachofuata, mpaka sita, ili anayedeki arudishe kila kimoja kwake. Wewe ndiye uliyekuwa unakalishwa juu aone kama kinacheza. Ulikuwa unajitikisa makusudi ili akukalishe tena. Kwa hiyo kwenye vigae vyako vitacheza vyote.

Mimi nilitaka kukujibu hapana, na Baba nilimwambia. Akaniuliza, "Amesema atanichukua na mimi?"

"Amesema."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, Baba."

"Basi mpe. Tena vyote. Nikiamka kwenye nyumba ngeni nitashika nini? Acha nivikute huko."

Akanituma nikuandikie hili kama lilivyo: mtu asikate miguu. Akifika atavituliza mwenyewe kwa vipande vya ngozi chini ya nyayo za viti, kazi ambayo vidole vyake vinaiweza hata gizani. Jana ameninyanyua kwenye kiti changu niende kwa fundi viatu kumwombea mabaki ya ngozi. Amejaza kopo la maziwa, analitikisa kama njuga.

Langu mimi ni moja. Uje mwenyewe. Nakujua, kitinda mimba, tangu zamani ukitumwa dukani unarudi na maneno. Ukichukua viti hivi umechukua miguu ya Baba, basi mchukue na mwenye miguu.

Wifi na watoto wasalimie.

Dada yako anayekupenda


6 Februari

Dada,

Salamu. Sisi hatujambo, tunatumaini nanyi vivyo hivyo.

Barua yako ilinichekesha na kunipa furaha. Nilimsomea wifi yako ile habari ya kujitikisa, akasema ndiyo maana hadi leo sikai nikatulia.

Nimepata lori la Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Chumba cha chini tayari kina kitanda. Nakuomba sana usivipake vanishi, usivioshe kwa sabuni, hata vumbi lililo kwenye pembe liache. Bwana Tochi anasema weusi ule unaotokana na mikono ya watu ndio umri wenyewe wa kiti, ukiutoa umebaki na kuni. Funga miguu kwa matambara visigongane njiani.

Mwambie Baba ajiandae.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Baba nitakueleza.

Lori lilifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa amevaa shati la mikono mirefu tangu alfajiri, mkoba wake umefungwa kamba, kopo la ngozi liko mapajani, amekaa kwenye kiti cha mlango wa nje. Aliposikia breki akasimama. Mtu akaingia. Hakusema kitu, alikuwa anatazama ndani kutafuta mwenyeji. Baba akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaupapasa, akacheka.

"Ofisini kwenu mnabebeshwa nini, mbona viganja vimekuwa vigumu hivi?"

Yule mtu akanitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Samahani, mzee. Mimi ni dereva."

Baba akamwachia mkono taratibu. "Aa," akasema. "Na mwenyewe yuko nyuma?"

"Hapana, mzee. Nimetumwa viti."

Dereva si mtu mbaya. Alikupigia simu mbele yetu na wewe ukamwambia nyumba bado inapakwa rangi, harufu itamdhuru mzee, atakuja baadaye. Alipomaliza kuongea nawe akasema, "Mzee, mbele kuna nafasi. Nikikufikisha mlangoni kwake atakurudisha?"

Baba akasema, "Nafasi ipo. Mwito haupo."

Mimi nilitaka lori lirudi tupu kama lilivyokuja, nikashika kiti cha kwanza nikasema hakitoki. Baba akaniambia nikiachie. Alikwisha kusema mpe, na yeye hana umri wa kujifunza kusema mara mbili. Akamwita dereva, akamwambia akufikishie tena neno lile: mtu asikate miguu. Viti vikapanda, kimoja kimoja, nami nimevifunga matambara kama ulivyotaka. Baba alisimama mlangoni akihesabu vishindo. Gari lilipoondoka alitaka kurudi chumbani, akanyoosha mkono wa kulia kukuta kiti, hapakuwa na kiti.

Nimeazima viti sita vya plastiki kwa jirani muuza mkaa na kuvipanga palepale. Ni vyepesi kama maganda. Nimeweka matofali juu ya kila kimoja ili visikimbie. Baba anavishika kama mtu anayeshika sufuria ya moto.

Mkoba hajaufungua. Anasema hakuna haja ya kufungua na kufunga. Rangi hukauka kwa siku ngapi huko kwenu?

Dada yako


30 Machi

Dada,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila shughuli zimetubana koo.

Viti vilifika salama, hata mkwaruzo hakuna. Ungemwona Bwana Tochi alivyolala chali kwenye vigae kuvikagua. Zile chale anasema ni hesabu ya fundi wa kwanza, uthibitisho kwamba seti haijavunjwa, na viti vyenye alama kama hizo havionekani tena. Sikumwambia zilichongwa na Baba ili anayedeki asikosee. Kuna ukweli ambao hauna faida kwa mtu yeyote.

Jambo moja nikueleze mapema usije ukalisikia vibaya. Vilicheza kweli, kama mlivyosema. Tulikuwa na wageni, mkuu wangu wa kazi na mkewe, na haiwezekani mkuu akalishwe kwenye kiti kinachogonga vigae kila akicheka. Nikaita fundi mwenye pimamaji na msumeno wa umeme, akavisawazisha kabla hatujamaliza kunywa chai. Amepunguza kidogo tu, huwezi kujua. Baba aliposema visikatwe nadhani alikuwa anafikiria sakafu ya huko. Hapa sakafu imenyooka.

Mke wa mkuu alivisifu jioni nzima. Aliuliza tumevipata wapi, nikasema ni urithi. Tangu siku hiyo wifi yako amekataza watu kuvikalia, henzirani ni kuukuu. Vitatu vipo ukutani sebuleni, vitatu kwenye korido chini ya picha.

Kuhusu kuja kwa Baba, avumilie kidogo. Chumba cha chini nimekifanya ofisi kwa muda kwa sababu ya kazi za nyumbani. Shule zikifungwa tutapanga upya. Na daktari alisema mtoto wa jicho hakimbii, akikomaa zaidi ndiyo rahisi kumtoa.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu nyuma ya chumba cha kufulia, kisha nikamsomea Baba. Nikueleze nilivyomsomea, ili siku ukiongea naye usishangae. Palipokuwa na msumeno niliruka. Palipokuwa na ofisi nilisema ukuta haujakauka. Mwishoni hukumuulizia hali yake, kwa hiyo nilimuuliza mimi kwa niaba yako, na kwa niaba yako nikamwambia unaota viti vile na yeye akiwa katikati yake. Alipenda hapo. Alitaka nirudie, nami sikukumbuka nilivyosema, nikasema kingine. Hakunisuta.

Sasa tuongee sisi wawili. Alikuambia usikate. Alikuambia kwa barua na kwa dereva. Umekatia wageni wa jioni moja kitu ambacho mtu alikipima kwa magoti yake, na sasa hata wageni hawakikalii. Umesema sakafu yako imenyooka. Sawa. Hakuna aliyekuomba uinamishe sakafu. Uliombwa usubiri mzee mmoja na kopo la ngozi.

Kila asubuhi anaulizia rangi. Juzi alimuuliza jirani muuza mkaa kama kuna rangi duniani isiyokauka mwezi mzima. Jirani akamwambia ipo, ile ya maneno. Walicheka wote. Mimi nilikuwa jikoni, sikucheka.

Viti vya plastiki vinateleza. Matofali yanasaidia, lakini anavikosakosa kwa sababu viko chini kuliko vile alivyozoea, mkono unafika hewani kwanza. Mwenye macho haambiwi tazama, na wewe macho unayo. Njoo.

Dada yako


12 Mei

Mdogo wangu,

Nilikupigia simu. Aliyepokea alisema uko kikaoni na angekuambia. Nikapiga tena jioni, haikupokewa. Naandika.

Baba ameanguka. Ilikuwa Jumanne, nikiwa kazini. Jirani alipata wageni, akaja kuchukua viti vyake viwili, ni vyake. Alivirudisha baadaye na kuvipanga vizuri pale pale, akasahau matofali. Baba alitoka chumbani kwenda jikoni kuchukua maji. Cha kwanza kilimpokea. Cha pili aliegemea, kikaenda. Sakafu ikamalizia, inateremka pale.

Amevunjika nyonga ya kushoto. Jirani ndiye aliyemsikia, akamleta hospitali kwenye mkokoteni wake wa mkaa kwa sababu gari halikupatikana. Mimi nilikuwa kwenye pasi. Nikaitwa wodini nikidhani ni mashuka yamepungua. Shuka alilolazwa nililipiga pasi mimi asubuhi ile. Lilikuwa na vumbi la mkaa kutoka begani mpaka miguuni.

Daktari wa mifupa anasema kwa umri wake na kwa vifaa walivyonavyo hawatapasua. Alale, mfupa ujishike wenyewe. Hawezi kusafirishwa. Habari ya macho imekufa kwa sasa, hakuna anayempeleka mtu wa kuvunjika kwenda kutolewa mtoto wa jicho.

Jirani analia kila akija. Baba amemwambia anyamaze, kwamba kosa la kiti cha plastiki ni kuwa cha plastiki.

Yeye mwenyewe halii. Aliomba kopo lake la ngozi liletwe wodini. Muuguzi aliuliza kama ni dawa ya kienyeji.

Njoo, au usije. Lakini jibu.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Salamu. Pole sana kwa yote, na Baba mpe pole. Barua yako nilikaa nayo muda mrefu, kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia. Simu sikuambiwa. Huku nako mambo yameingiliana, kazini tumebadilishiwa mkuu, yule mliyemsikia ameondoka.

Nimeongea na wifi yako kwa kirefu. Haikuwa rahisi, lakini amekubali, na nimeamua kurudisha viti. Dereva yule yule analeta vitatu, ndiye mwenye barua hii. Vitatu vimebaki kwa sababu vinafuatana vizuri ukutani na henzirani yake haijalegea. Vinavyokuja ni vile ambavyo kalio limeanza kubonyea. Naamini vitamsaidia Baba akianza kusimama, kwa sababu najua jinsi anavyovipenda.

Tafadhali vitunze. Usiviweke kwenye jua la mlangoni, mbao itapasuka. Maji yasiguse henzirani. Vanishi usipake kamwe. Na ukivihamisha shika chini ya kalio, usishike egemeo. Bwana Tochi anasema mkono juu ya egemeo ndio unaoua kiti cha kale, kidogo kidogo, mpaka viungo vinalegea bila mwenyewe kujua.

Baba akisimama tu nijulishe, nipange kuja.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Viti vitatu vimefika wiki hii, havina mkwaruzo. Dereva alivishusha kwa kushika chini ya kalio. Alikuwa ameelekezwa.

Baba yuko nyumbani tangu mwanzo wa mwezi. Mfupa umejishika, lakini umejishika vibaya. Mguu wa kushoto sasa ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Anasimama kwa kunishika mimi, nami nikiwa kazini hasimami.

Nilivipindua viti mlangoni kutazama chale. Umerudisha cha kwanza, cha nne na cha tano. Labda hukujua kuwa ni njia. Mtu akitoka na cha kwanza, cha pili hakipo, cha tatu hakipo. Mmechagua kwa henzirani.

Niliviweka mahali pake, vikacheza vyote vitatu, vimekatiwa sakafu yako. Nilitaka kuviondoa asivijue, lakini alikuwa ameshasikia vishindo, akataka aletewe kimoja karibu na kitanda. Nikampelekea cha mlango wa chumbani. Alianza na egemeo, akashuka fito tatu, akafika kwenye kalio, akaingiza vidole chini akaikuta chale yake moja. Akatabasamu. Kisha akashuka mguuni mpaka chini kabisa, akausugua ule unyayo kwa kidole gumba, akarudia mguu wa pili, wa tatu, wa nne.

Akasema, "Msumeno wa mashine. Haukusita hata kidogo."

Nikaendelea kukishikilia kiti.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

Akalala akatazama juu, kama kuna anachokiona. Baadaye akasema, "Huyo fundi wake akipata nafasi aje anisawazishe na mimi. Ni kidogo tu, vidole vitatu, hata watu hawatajua." Jirani muuza mkaa alikuwepo, akatoka nje.

Kisha akaniambia nisome barua. Unajua ninavyokusoma, nilikueleza. Siku ile nilikuwa nimetoka zamu, nimesimama kwenye pasi tangu asubuhi, sikuwa na maneno yangu ya kukuazima. Nikasoma kama ulivyoandika, kuanzia salamu mpaka "Mdogo wako". Habari ya mkuu wa kazi nikasoma. Ya vitatu kufuatana vizuri ukutani nikasoma. Ya mkono juu ya egemeo nikasoma, na mkono wake ulikuwa juu ya egemeo.

Akasubiri.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, Baba."

"Mbona zile nyingine zilikuwa ndefu?"

Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Nakusikia."

Akalitafuta kopo la ngozi chini ya kitanda. Hawezi kuinama sakafuni, kwa hiyo yeye alichagua vipande kwa vidole na mimi nikaviweka chini ya miguu, nikikitikisa kiti ili asikie, yeye akisema ongeza, punguza, geuza. Cha nne kikatulia. Cha tano kikatulia. Cha mlango kilikataa. Kipande kimoja ni chembamba, viwili vinazidi. Alichambua kopo lote hakukuta cha katikati.

Akauliza nina karatasi. Nikamwambia iko barua yako tu, nami nilikuwa nimeshaishika nimpe aiweke chini ya mto na zenzake.

Akasema, "Ikunje hiyo."

Niliikunja mara nne nikaichomeka chini ya mguu wa nyuma. Akaweka mkono kwenye egemeo, akaegemea kwa uzito alio nao.

Hakikucheza.

Dada